Ziwa la Fundi Vioo

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwangu Buguruni bila kujua naenda wapi. Kwangu hilo si jambo geni. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo miguu imekuwa ikiamua mambo kabla yangu. Nilishuka na watu mpaka Posta, nikaona hakuna ninachokitaka Posta, nikageuza kwa miguu nikikatisha Mnazi Mmoja, na kufika saa nne nilikuwa Kariakoo, kwenye mtaa ulio nyuma ya soko, nimesimama mbele ya duka la vioo nikimtazama mtu anayeosha mchanga.

Alikuwa amechuchumaa kibarazani na karai mbele yake. Anamimina maji, anavuruga kwa mkono, anamwaga yale machafu mtaroni, anamimina mengine. Kama mtu anayeosha mchele, ila mchele hauoshwi mara kumi na moja. Nilihesabu.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Unaosha mchanga?"

"Hapana, nanyonyoa kuku."

Watu wa duka la jirani walicheka. Mimi sikuondoka. Nilimuuliza mchanga wenyewe ni wa nini, akasema ni wa kujengea. Nikamwambia nimebeba zege miaka miwili na sijawahi kuona fundi anayeosha mchanga wa kujengea.

"Hujawaona mafundi wangu," alisema, akanyanyua kidevu kuelekea ndani.

Ndani kulikuwa na ndoo nyeupe yenye pampu ndogo ya hewa, na ndani ya ndoo samaki sita. Niliinama mpaka pua ikakaribia kugusa maji. Walikuwa na mistari ya kijivu ubavuni, na mkubwa wao hakuzidi kiungo cha juu cha kidole changu. Alinieleza kwamba wametoka Ziwa Tanganyika, kwamba hawakui zaidi ya hapo, na kwamba nyumba yao ni gamba tupu la konokono. Kila mmoja na gamba lake. Humo analala, humo anakimbilia akiogopa, humo jike anataga. Na mchanga huuchota kwa mdomo, anauhamisha punje kwa punje mpaka gamba likae anavyotaka yeye. Nilisahau kwamba nilikuwa natembea. Nilikaa pale mpaka adhuhuri, na kwa miaka tisa iliyofuata, kila niliporudi mjini kutoka huko nilikokuwa, kituo changu cha kwanza kilikuwa kibaraza kile.

Jina alikuwa nalo. Lilikuwa limeandikwa kwenye kibao juu ya mlango kwa rangi iliyofifia, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Kwa mtaa mzima alikuwa Fundi Vioo. Kwao Kusini, upande wa Tunduru. Zaidi ya hapo sikuuliza na yeye hakusema. Mimi aliniita Mzururaji. Akiniona tu baada ya miezi sita anasema, "Mzururaji, umechoka kuzurura au umefukuzwa?" Kisha ananisogezea kigoda.

Kazi yake ilikuwa kukata vioo: vya madirisha, vya fremu za picha, vya meza, vya makabati ya maduka ya simu. Aliweka rula, akapitisha kisu chake mara moja, sauti kama ya kitambaa kinachochanika, akagonga chini kidogo, na kioo kikaachana. Mara moja tu. Niliwahi kumuuliza kwa nini asirudie mstari ili uwe na kina zaidi. Alinitazama kama niliyetukana. "Kioo kinakupa nafasi moja. Ukirudia, kinajichagulia chenyewe pa kupasukia." Alikuwa na makovu kwenye kila kidole isipokuwa vidole gumba, na alijivunia vidole gumba hivyo kuliko kitu chochote.

Matangi ya samaki aliyatengeneza pia, kwa wateja wenye hoteli na ofisi. Hao walitaka kokoto za bluu, kasri la plastiki, na mpiga mbizi wa plastiki anayetoa mapovu. Fundi aliwatengenezea bila kunung'unika. Aliwachagulia hata rangi ya kokoto. Lakini mpiga mbizi akiwa ameshapelekwa, alirudi dukani, akakaa mbele ya tangi lake mwenyewe na kusema, "Mteja anataka picha. Mimi nataka mahali."

Mahali pake palikuwa tangi la urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, fupi kwa kimo, kwenye meza ya mninga nyuma ya duka. Mchanga, mawe, makombe ya konokono, na kwenye kona moja majani marefu membamba kama utepe. Basi. Mawe aliyapanga na kuyapangua tangi likiwa kavu kwa muda wa mwezi mzima. Aliyakalisha juu ya kioo chenyewe kwanza, ndipo akamwaga mchanga kuyazunguka, kwa sababu ukiweka jiwe juu ya mchanga samaki watachimba chini yake na litawaangukia. Maji ya bomba hayakuingia humo siku ileile. Yalikaa kwenye ndoo wazi siku tatu mpaka dawa iishe. Mtu huyu aliyemfokea mteja kwa kuchelewa dakika kumi alingoja ndoo siku tatu. Watu walimchosha, mchanga haukumchosha.

Sasa niseme kosa lake, maana yeye mwenyewe hakulificha. Wale samaki sita wa ndoo walihamia kwenye tangi jipya, na wiki mbili hazikuisha wote wakafa. Mmoja mmoja, kila asubuhi. Fundi alimlaumu aliyemuuzia, jamaa wa Kigoma aliyewahi kufanya kazi ya kuvua samaki wa mapambo na sasa ana kibanda cha matunda Ilala. Alimwita tapeli mbele za watu. Mtaa mzima ukajua. Jamaa akaacha kupita.

Mimi nina tabia ya kusoma chochote kilichoandikwa: gazeti lililofungia chapati, tangazo la mganga, maelezo nyuma ya dawa ya mswaki. Siku moja Fundi alikuwa anaziba kioo cha bafu la mteja, nikaokota mrija wa gundi ya silikoni na kuanza kusoma. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini nilielewa kwamba gundi ile ina sumu ya kuua ukungu wa bafuni.

"Fundi, lile tangi uliliunganisha kwa gundi gani?"

Aliutazama mrija mkononi mwangu. Ni mtu aliyeziba mabafu miaka yote, na kwake gundi nzuri ni ile isiyoshika ukungu; ndiyo ya bei, ndiyo aliyowachagulia samaki wake kwa heshima. Alilibomoa tangi siku hiyohiyo, akakwangua gundi yote kwa wembe, akaliunganisha upya kwa ile ya kawaida.

Neno "samahani" halikuwa katika kinywa chake. Alikata kioo kizito cha meza, akakipiga msasa kingo zote, akakibeba begani mwenyewe mpaka Ilala na kukilaza juu ya meza ya matunda ya yule jamaa. Nilikuwa nyuma yake.

"Cha nini?" jamaa aliuliza.

"Nzi," alisema Fundi. "Kipanguse mara mbili kwa siku."

Jamaa alikitazama kioo, akamtazama Fundi, kisha akachagua papai na kulikata. Tulilila tumesimama. Mwezi uliofuata samaki wengine sita walifika, na jamaa akaja kukaa mbele ya tangi na kueleza ziwa lilivyo: maji unayoona ndani yake mpaka chini, uwanda wa mchanga, makombe maelfu kwa maelfu. Fundi alikuwa akimuuliza kama mtu anayepima dirisha. Mawe yanaanzia wapi? Mchanga una rangi gani? Majani yapo au hayapo?

Makombe ya kutoka ziwani yalikuwa saba tu, na samaki sita wanataka mengi zaidi ya hayo, kwani wanagombana. Kwa hiyo mvua za masika zilipoanza, Fundi alikwenda kwenye bustani za Upanga kuokota magamba ya wale konokono wakubwa wa nchi kavu. Alirudi na mfuko mzima. Mengine yalikuwa bado na wenyewe ndani. Akayachemsha kwenye sufuria, kwenye jiko la mkaa, uani.

Jengo lile ni la familia moja yenye asili ya Uarabuni. Duka la vitambaa chini, wao wenyewe ghorofani. Mama mwenye nyumba alishuka ngazi ameshika mtandio puani.

"Fundi, unapika nini?"

"Nyumba, mama."

"Nyumba za nani zinazonuka hivi?"

"Za wapangaji wangu."

"Na wewe ni mpangaji wangu. Ukinifukuzia wateja wa vitambaa, hizo nyumba utakwenda kukaa wewe."

Lakini hakupanda juu. Alisimama akiuliza, na wiki iliyofuata alishuka tena na kigoda chake. Alikuwa anakuja saa kumi alasiri, baada ya sala, anatazama samaki wakigombana juu ya mpaka wa mchanga usiozidi kiganja, na anasema, "Kama ndugu zangu na kiwanja cha Magomeni."

Fundi hakuona tatizo kupenda samaki na kuwala. Jumamosi alinipeleka Feri, kwenye soko la samaki. Tulikaa kwenye benchi la mama mmoja mkaangaji, na Fundi akala samaki aina ya changu mzima mpaka macho.

"Fundi, wale wako tutawakaanga lini?" mama aliuliza kila Jumamosi.

"Wale hawazibi hata jino bovu."

"Sasa unawafugia nini?"

Hapo hakuwa na jibu la utani. "Nataka nione wanazaa," alisema. "Wakizaa ndipo nitajua kwamba nimejenga sawa. Samaki hazai mahali asipopaamini."

Hilo ndilo alilolitaka, na alilitaka kwa miaka. Samaki waliishi, walichimba, walinenepa, lakini watoto hawakuonekana. Na wakati anangoja, macho yakaanza kumwacha. Kwanza alisema vioo siku hizi vinakuja na ukungu kutoka kiwandani. Kisha akahamisha meza karibu na mlango. Mama mwenye nyumba alimwambia wazi ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, marehemu mumewe alikuwa nao, hospitali wanautoa asubuhi na mchana umesharudi nyumbani.

"Wanautoa kwa nini?"

"Kwa kisu, kwa nini tena."

"Basi wauache." Alieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Mimi nimekata maisha yangu yote. Najua mkono unavyoteleza. Siwezi kulala chali nimpe mtu jicho akate."

Ndipo lilipofika kosa langu.

Nilikuwa nimerudi kutoka Tanga. Fundi alinishika mkono akanikalisha mbele ya tangi. "Una macho mazuri. Jike wa kombe la kushoto hatoki siku ya nne. Tazama mlangoni. Wapo?"

Nilitazama. Hakukuwa na kitu. Niligeuka kumwambia, nikauona uso wake umenisogelea, amefunga pumzi.

"Wapo," nilisema.

"Wangapi?"

"Tisa."

Sijawahi kumuona mtu akifurahi kimyakimya vile. Alikwenda kumwambia mama mwenye nyumba. Alikwenda kumwambia jamaa wa matunda. Alichemsha yai, akasaga kiini, na kila asubuhi na jioni akawanyunyizia watoto ambao hawakuwepo. Mimi siku ya tatu nilipata lori la kwenda Morogoro, nikapanda. Niliporudi baada ya wiki tano, tangi lilikuwa limebaki na samaki watatu. Kiini cha yai kisicholiwa huoza mchangani. Maji yaliharibika na yeye hakuyaona.

Alikuwa ameshajua. Mama mwenye nyumba alimwambia, baada ya kutazama mwenyewe. Fundi ni mtu wa kufoka, lakini siku hiyo hakunifokea. "Ulikuwa unanihurumia," alisema. "Mimi nilikuomba macho, sikukuomba huruma." Akaendelea kupiga msasa.

Nilimtafuta jamaa wa Ilala, nikapanga naye, na samaki wanne wapya wakaja. Fundi aliwapokea. Kigoda changu kiliendelea kuwepo. Ila hakuniuliza tena kilichomo ndani ya maji.

Ukapita mwaka na nusu. Asubuhi moja nilikuwa nafagia vipande vya vioo, nikapita mbele ya tangi, nikasimama. Kwenye mdomo wa kombe la kushoto kulikuwa na vitu kama punje za ufuta zenye macho. Vikatoka, jike akatikisa mkia, vikarudi ndani vyote kwa pamoja.

"Fundi. Wapo."

"Nani?"

"Watoto. Saba, labda wanane. Wanacheza mlangoni."

"Mwaka ule walikuwa tisa," alisema, bila kuinua kichwa.

Nilimwita mama mwenye nyumba. Alishuka, akatazama, akaweka mkono kifuani. "Wallahi wapo, Fundi."

"Amekutuma."

"Mimi huyu anitume? Mzururaji huyu?"

"Nyote mna huruma," Fundi alisema. Alikaa mbele ya kioo, akasogeza uso mpaka paji likagusa, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, hospitali ile inafungua saa ngapi.

Sikuwepo alipofanyiwa. Nilikuwa nimepata kibarua Bagamoyo, na huenda ni vizuri, maana asingetaka nimshike mkono. Mama mwenye nyumba ndiye aliyekwenda naye. Alinisimulia kwamba Fundi alikataa kulala mpaka daktari amuonyeshe kisu. Daktari, binti mdogo sana, akamuonyesha. Fundi akauliza anakata mara ngapi. Akasema mara moja, baba. Fundi akalala.

Nilimkuta siku ya kumi na mbili baada ya upasuaji. Jicho la kulia safi, la kushoto bado lina wingu na linangoja zamu yake. Hakunisalimu kwa utani. Alinionyesha tangi kwa kidole. Watoto walikuwa wameshakuwa kama punje za mchele, wametawanyika juu ya mchanga, kila mmoja na shimo lake dogo alilochimba.

"Kumi na moja," alisema. "Uliwapunja."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinishika bega akanipeleka mtaani, akanisimamisha mbele ya kabati la duka la simu, kisha la duka la miwani, kisha dirisha la kinyozi. Kazi zake zote, za miaka miwili ya mwisho. Kingo zimepinda. Kona moja imezibwa kwa gundi nene kuficha pengo. Kwa kinyozi walikuwa wamebandika picha ya mchezaji mpira juu ya ufa.

"Nimezunguka Kariakoo yote jana," alisema. "Hakuna mtu aliyenirudishia kazi. Hata mmoja. Walichukua, wakasema asante Fundi, wakaenda kuziba." Alipitisha kidole gumba kwenye kona ya dirisha. "Adabu nyingi mno mji huu."

Kinyozi alitoka na kitambaa begani. "Fundi, shikamoo. Sisi tuliona mzee wetu, tutakuambiaje?"

"Marahaba. Kesho nakuja kukibadilisha. Toa hiyo picha."

Tulirudi dukani. Alitia dawa kwenye jicho, akanyoosha kichwa nyuma, na akiwa vilevile anatazama dari akaniambia alichokuwa anakiwaza. Jamaa wa Ilala alimsimulia ziwa kwa miaka. Lakini kila Fundi alipouliza, "Mchanga ni mweupe kama huu?" jamaa alijibu ndiyo. "Mawe yako hivi?" Ndiyo. Hakuna hata mara moja aliposema hapana. "Na yeye ana adabu," alisema Fundi. "Samaki wamezaa, sawa. Hata kuku huzaa kwenye boksi. Sijui kama nimejenga mahali kweli, au nimejenga maneno ya mtu anayenihurumia."

"Nenda ukaone, Fundi."

"Na jicho hili? Daktari amekataza safari mpaka amalize la pili." Alishusha kichwa, dawa ikamchuruzika shavuni. "Wewe si unazurura bure?"

Nilitaka kumuuliza kwa nini mimi, kati ya watu wote. Kesho yake alfajiri nilipanda basi la Kigoma, na siku iliyofuata, saa saba mchana, nilishuka kwenye stendi nisiyoijua, ndani ya mvua iliyofunga mji mzima kama shuka. Nilipita mitaa nikiuliza gesti. Watu walinielekeza kwa mikono iliyopotea kwenye mvua kabla sijaona inaelekeza wapi.

Mama wa gesti alinifungulia daftari la wageni. Jina nikaandika. Kutoka, nikaandika Dar. Kwenye kazi nikakwama.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuangalia samaki."

"Kununua?"

"Kuangalia tu. Wadogo, wanaokaa kwenye makombe."

Alinipima toka viatu mpaka kichwa, maji yakichuruzika sakafuni kwake. "Hao hata paka wetu hawali. Andika mfanyabiashara, kaka, wote wanaandika hivyo."

"Sifanyi biashara."

"Basi acha wazi." Akanipa ufunguo wa chumba namba nne na ndoo ya kuwekea nguo mbichi.

Kilikuwa chumba kizuri, kitanda, neti, dirisha moja. Nilifungua dirisha. Mama wa gesti alikuwa amesema kutoka hapo siku njema unaliona ziwa. Niliona ukuta, mgomba mmoja, na weupe wa mvua. Simu ikaita.

"Umefika?"

"Nimefika, Fundi. Nimepata gesti."

"Mchanga ni mweupe?"

Nilitazama nje tena. Kusema ndiyo kungenichukua pumzi moja, na pengine ingekuwa kweli.

"Sijauona. Mvua ni kubwa. Hata maji sijayaona."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nilisikia Kariakoo nyuma yake, mkokoteni, mtu anayenadi soksi, sauti ya mama mwenye nyumba ikiuliza, "Anasemaje?"

"Anasema hajaona," Fundi alimjibu. Kisha akarudi kwangu, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kibarazani. "Haya, Mzururaji. Usinipigie kabla hujaona."